Homa ya ini ya panya inayokwepa vipimo

Mwaka 2017, mwanamume wa miaka 56 alipandikizwa ini mjini Hong Kong. Wiki chache baadaye vipimo vya damu vikaonyesha kuwa ini hilo jipya lina hitilafu. Damu yake ilikuwa na kingamwili za homa ya ini E, lakini kipimo cha vinasaba vya kirusi kikatoa majibu hasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walipochunguza zaidi, walikuta kirusi cha homa ya ini E cha panya. Walitangaza matokeo hayo Septemba 2018, na ndiyo ikawa mara ya kwanza duniani kuthibitishwa kwamba kirusi hicho kimemwambukiza binadamu.

Homa ya ini E iliyozoeleka Afrika Mashariki huenezwa zaidi na maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Ndiyo iliyowashambulia maelfu ya watu wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007. Kirusi cha panya ni cha ukoo huohuo, ila ni ndugu wa mbali mwenye vinasaba tofauti. Kiligunduliwa mwaka 2010 kwa panya wa Hamburg, Ujerumani, na kwa miaka kadhaa wataalamu wengi waliamini hakiwezi kumdhuru mtu.

Tofauti hiyo ya vinasaba ndiyo inayoleta utata hospitalini. Kipimo cha vinasaba ni kama ufunguo uliochongewa kufuli moja: kilichotengenezwa kwa kirusi cha kawaida kinaweza kisikitambue cha panya. Mgonjwa ana macho ya manjano, majibu ni hasi, na daktari anatafuta chanzo kwingine, labda dawa au pombe. Kwa hiyo wagonjwa wanaojulikana huenda ni wachache kuliko waliopo.

Wengi waliogunduliwa Hong Kong walikuwa na kinga dhaifu. Hata hivyo, mwaka 2019 Kanada iliripoti mgonjwa aliyekuwa na afya njema kabla ya kuugua, naye alikuwa ametoka safarini Kongo na Uganda. Hispania nayo imeripoti wagonjwa, akiwamo mmoja aliyefariki.

Njia hasa ya maambukizi bado inachunguzwa. Kinachoshukiwa zaidi ni chakula, maji au sehemu zilizoguswa na kinyesi cha panya. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walionyesha kuwa aina moja ya kirusi hicho huambukiza nguruwe na kupita kutoka nguruwe mmoja hadi mwingine. Panya hawakosekani mazizini, hivyo nguruwe anaweza kuwa daraja la kumfikia binadamu.

Habari njema ni kwamba mgonjwa yule wa Hong Kong alipona kwa dawa ya ribavirin. Kwa waliopandikizwa viungo au wenye kinga dhaifu, kuchelewa kugundua ndiko hatari kubwa, kwani ugonjwa unaweza kuwa sugu.

Nyumbani, funika chakula na maji, ziba matundu, na usilaze taka jikoni. Ukikuta kinyesi cha panya, usikifagie kikavu: vaa glavu, kimwagie maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha kifute na unawe kwa sabuni. Nyama ya nguruwe iive kabisa. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa wa rangi nzito, nenda hospitali, na ukiwa unaishi penye panya wengi, mwambie daktari bila kusubiri akuulize.