Gemu za Mtandaoni: Hesabu Saa Kabla ya Shilingi

Anayetaka kuingia kwenye gemu za wachezaji wengi huuliza bei kwanza. World of Warcraft hutoza dola 14.99 kwa mwezi huko Marekani, kiwango kilekile tangu 2004. EVE Online, ya kampuni ya CCP ya Iceland, ilipandisha ada yake hadi dola 19.99 mwaka 2022. Ndipo mtu huona heri za bure. Mimi nauliza mengine: itanidai saa ngapi, na nikiuawa na mchezaji mwenzangu napoteza nini?

Old School RuneScape ina sehemu kubwa ya bure, na tangu 2018 inachezeka kwenye simu. Lakini kufikisha ustadi mmoja tu, tuseme uvuvi, daraja la 99 kunahitaji alama 13,034,431. Ukifika la 92 ukadhani umemaliza, ndiyo kwanza uko nusu ya safari. Ni kubonyeza kilekile kwa wiki na miezi. Wapo wanaoipenda kazi hiyo, wakivua huku wakisikiliza redio, na nawaelewa: kwenye seva za kawaida uporaji uko kwenye eneo liitwalo Wilderness, na asiyeutaka haendi huko.

EVE imekaa kinyume chake. Ujuzi unaendelea kukua hata umezima kompyuta, jambo linalomfaa sana mwenye kazi na watoto. Adhabu iko kwenye vita. Chombo chako cha anga kikilipuliwa kimekwenda, na bima hurudisha sehemu tu. Hata kwenye anga zenye ulinzi, askari humwadhibu aliyekushambulia, hawafiki kukuokoa. Januari 2014, vita vya takriban saa 21 katika mfumo wa nyota wa B-R5RB viliteketeza vyombo vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 300,000 hivi. Pia unaweza kuanza bure, ila ujuzi utakua polepole na una kikomo.

Kwa mwenye simu na bando la kubana, Albion Online inavutia: bure tangu 2019, kwenye simu tangu 2021. Ramani yake ina rangi. Kwenye buluu na njano hunyang'anywi vifaa ukiangushwa. Kwenye nyekundu na nyeusi ukifa, mwili wako unaporwa. Mtandao ukikatika katikati ya pambano, ndiyo basi tena. Kwa hiyo kwenye laini isiyotulia, baki njano, na ukivuka vaa vifaa vya bei ndogo unavyoweza kununua tena jioni hiyohiyo.

Guild Wars 2 ndiyo ninayompendekezea mwenye kompyuta na saa chache. Haina ada ya mwezi, na gemu ya msingi ni bure tangu 2015. Ukiingia kwenye uwanja wa mapambano, kila mchezaji hupandishwa daraja la 80 na vifaa vinasawazishwa, hivyo anayekushinda amekuzidi mkono, si miezi. Fedha weka kwenye nyongeza zake baadaye, ukishaona kwamba unairudia kila wikendi.