Asili na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo Attenborough: Uchache wa Wenye Jina Unathibitisha Nini?

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili na mtawanyiko wa Attenborough, mojawapo ya majina adimu ya ukoo ya Kiingereza. Ushahidi wa aina tatu unapimwa kwa pamoja: maana ya jina, mtawanyiko wa wenye jina, na kromosomu Y zinazorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Inabainishwa kwamba ushahidi wa mtawanyiko unatosha kulihusisha jina hili na kijiji kimoja cha Nottinghamshire, lakini ushahidi wa vinasaba, ijapokuwa una nguvu kubwa, hautoshi kuthibitisha kwamba jina lilianzishwa na mtu mmoja. Kinachoonekana leo ni nasaba zilizosalia, wala si orodha ya waanzilishi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1887, katika mji mdogo wa Stapleford, Nottinghamshire, alizaliwa Frederick Attenborough. Alikuja kuwa mtaalamu wa lugha na historia ya Waanglo-Saksoni, na mwaka 1922 alichapisha matini na tafsiri ya sheria za wafalme wa kale wa Kiingereza. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1951 alikuwa mkuu wa chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Leicester. Wanawe wawili, Richard, mwigizaji na mwongozaji wa filamu, na David, mtangazaji wa vipindi vya viumbe na mazingira, walilifanya jina la baba yao lijulikane karibu kila mahali penye televisheni.

Umaarufu wa jina, hata hivyo, ni jambo moja, na wingi wa wenye jina ni jambo jingine. Smith ni jina la mamia ya maelfu ya Waingereza. Attenborough limebaki kuwa jina la watu wachache, ambao kwa muda mrefu wamejikusanya zaidi katika Nottinghamshire na Derbyshire. Hali hiyo huzaa swali ambalo huulizwa kuhusu kila jina adimu: je, wote wenye jina hili ni uzao wa mtu mmoja? Jibu la haraka huwa ni ndiyo. Makala haya yanaonesha kwa nini jibu hilo linahitaji kupimwa upya, hata pale ambapo maabara inaonekana kuliunga mkono.

2.0 Kutoka Jina la Mahali hadi Jina la Ukoo

Majina ya ukoo ya Kiingereza hugawanywa kwa kawaida katika makundi manne: yatokanayo na mahali, yatokanayo na kazi, yatokanayo na jina la mzazi, na yatokanayo na lakabu. Matumizi ya majina ya kurithi yalianza kushika mizizi baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, kwanza miongoni mwa wamiliki wa ardhi, kisha yakateremka taratibu kwa wakulima na mafundi. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 14, wakati orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1377, 1379 na 1381 zilipoandikwa, sehemu kubwa ya watu wa kusini na kati ya Uingereza walikwisha kuwa na majina ya aina hiyo, ingawa kaskazini mchakato ulichelewa.

Jina litokanalo na mahali lina sifa moja inayofanana na nisba katika majina ya Kiarabu na ya Waswahili wa pwani: humtambulisha mtu kwa mahali ambapo hayupo tena. Ndani ya kijiji cha Attenborough, kumwita mtu "wa Attenborough" hakukuwa na faida yoyote, kwa kuwa kila jirani yake alikuwa wa hapo hapo. Utambulisho huo ulipata maana pale mtu alipohamia kijiji kingine au mji wa jirani. Kwa hiyo, mwanzo wa jina la namna hii hautafutwi kijijini kwenyewe, bali katika vijiji na miji iliyokizunguka.

Jambo la pili hutokana na hilo la kwanza. Hakuna kilichozuia wahamaji wawili, watatu au kumi, wasio na udugu wowote, waliotoka kijiji kimoja kwa nyakati tofauti, wote waitwe kwa jina la kijiji hicho. Kiisimu, jina la mahali halina sharti la mwanzilishi mmoja.

3.0 Etimolojia Mbili na Uamuzi wa Mtawanyiko

Maelezo mawili yametolewa kuhusu maana ya Attenborough. La kwanza hulitenga neno katika sehemu mbili: "atten", yaani "kwenye" katika Kiingereza cha Kati, na neno lenye maana ya ngome au makazi. Kwa maelezo haya, jina lingeweza kuzuka popote palipokuwa na mtu anayeishi karibu na ngome, na lingetarajiwa kuonekana katika maeneo mengi yasiyohusiana.

La pili hulitoa jina moja kwa moja katika kijiji cha Attenborough, kilichopo kando ya mto Trent, kusini-magharibi mwa jiji la Nottingham. Jina la kijiji chenyewe halina uhusiano na "atten". Linatokana na Kiingereza cha Kale, likiunganisha jina la mtu, Adda au Æddi, na neno "burh", yaani ngome, likiwa na maana ya ngome inayohusishwa na mtu huyo. Kufanana na "atten" kumeletwa na mabadiliko ya matamshi na maandishi ya karne za baadaye.

Isimu peke yake haiwezi kuamua baina ya maelezo hayo, kwa sababu yote mawili yanawezekana kifonolojia. Mtawanyiko wa wenye jina ndio unaoamua. Kijiji kiko karibu na mahali mto Erewash, ambao ni sehemu ya mpaka wa Nottinghamshire na Derbyshire, unapoingia Trent. Wenye jina wamejikusanya pande zote mbili za mpaka huo. Stapleford, alikozaliwa Frederick Attenborough, iko mwendo mfupi tu kutoka kijijini. Laiti jina lingekuwa na maana ya jumla ya "kwenye ngome", mkusanyiko wa namna hii usingekuwa na sababu.

Vyanzo vinavyowezesha uchunguzi wa aina hii ni vya vipindi tofauti: rejista za parokia, ambazo makasisi waliagizwa kuzitunza kuanzia mwaka 1538, usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo, ulioanza mwaka 1837, na sensa, ambazo tangu mwaka 1841 zimehifadhi majina ya watu mmoja mmoja. Sensa ya mwaka 1881 hutumiwa zaidi na watafiti wa majina kwa kuwa imenakiliwa kikamilifu. Mtafiti anayezitumia hana budi kukusanya pia maumbo kama Attenborrow na Attenburrow, kwani tahajia ilitegemea sikio la karani aliyeandika.

4.0 Ushahidi wa Kromosomu Y

Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ile ile inayopitiwa na jina la ukoo la Kiingereza. Iwapo wanaume wawili wenye jina moja wana babu mmoja wa upande wa kiume, kromosomu Y zao zitafanana, isipokuwa kwa mabadiliko madogo yanayojitokeza kadiri vizazi vinavyopita.

Mwaka 2000, Bryan Sykes na Catherine Irven walichapisha uchunguzi wa wanaume 48 wenye jina Sykes na kugundua kwamba karibu nusu yao walikuwa na aina moja ya kromosomu Y. Mwaka 2006, Turi King, Mark Jobling na wenzao walilinganisha jozi 150 za wanaume, kila jozi ikiwa na jina moja la ukoo. Takribani asilimia 24 ya jozi hizo zilionesha asili ya pamoja, na kwa majina adimu uwezekano ulikaribia nusu. Mwaka 2009, King na Jobling walichunguza wanaume 1,678 wenye majina 40. Kwa wastani, asilimia 62 ya kromosomu zilikuwa ndani ya makundi ya nasaba moja, lakini tofauti baina ya majina ilianzia asilimia 0 na kufikia 87. Kadiri jina lilivyokuwa adimu ndivyo kufanana kulivyoongezeka. Attenborough lilikuwa miongoni mwa majina ambamo zaidi ya asilimia 70 ya wanaume walikuwa na kromosomu za aina moja au zinazokaribiana sana. Utafiti huo ulifanyika Leicester, katika chuo kile kile kilichowahi kuongozwa na Frederick Attenborough.

Kiwango hicho ni kikubwa kuliko kinavyoonekana mara ya kwanza. Sykes na Irven walikadiria kwamba katika kila kizazi asilimia 1.3 ya wana walipata jina kwa baba mmoja na kromosomu kwa mwanamume mwingine, kwa sababu ya kuasili, uzazi wa nje ya ndoa, au mtoto kupewa jina la mama. Iwapo kiwango hicho kitatumika kwa vizazi 20, hata jina lililoanzishwa na mtu mmoja litabaki na takribani asilimia 77 tu ya wanaume wenye kromosomu ya mwanzilishi. Kwa hesabu hiyo, matokeo ya Attenborough yanawiana na dhana ya mwanzilishi mmoja. Swali linalobaki ni kama yanawiana na dhana hiyo peke yake.

5.0 Kutoweka kwa Nasaba

Mwaka 1873, Francis Galton aliuliza hadharani swali kuhusu uwezekano wa majina ya ukoo kutoweka, na Henry William Watson akalishughulikia kihisabati. Kanuni iliyotokana na kazi yao inasaidia kulijibu swali la Attenborough.

Ichukuliwe kwamba kila mwanamume, kwa wastani, huacha mwana mmoja anayefikia kuzaa, na kwamba idadi halisi hutofautiana kwa sadfa tu: mmoja hana mwana, mwingine anao wawili, mwingine watatu. Baada ya kizazi kimoja, nasaba 37 kati ya 100 hukatika. Baada ya vizazi 10 hubaki takribani 16. Baada ya vizazi 20, ambavyo ni sawa na miaka 700 iwapo kizazi kitahesabiwa kuwa miaka 35, hubaki takribani 9. Hakuna aliyefanya kosa wala aliyependelewa. Nasaba hukatika kwa sababu mtu fulani alizaa mabinti watupu, au alikufa kabla ya kuoa.

Sasa ichukuliwe kwamba wanaume 10 wasio na udugu waliitwa Attenborough. Kwa kanuni hiyo hiyo, uwezekano wa nasaba zote 10 kukatika baada ya vizazi 20 ni kama asilimia 40. Uwezekano wa kubaki nasaba moja tu ni asilimia 38. Na wa kubaki mbili au zaidi ni asilimia 22. Jina linalochunguzwa leo ni lazima liwe limesalia. Hivyo, miongoni mwa matokeo ambamo jina limesalia, karibu mawili kati ya matatu yatakuwa na nasaba moja tu, ingawa waanzilishi walikuwa 10.

Hesabu hii ni sahili kuliko historia. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi moja na nusu ya watu wa Uingereza, wakati majina mengi yalikuwa yangali na wenye nayo wachache mno. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 18, idadi ya watu iliongezeka kwa kasi na nasaba zilizosalia zikapanuka. Lakini ongezeko hilo halikuweza kuzirejesha zilizokwisha kukatika. Ndiyo maana King na Jobling wenyewe walihitimisha kwamba hali ya sasa ya kromosomu hutoa taarifa chache za kuaminika kuhusu waanzilishi wa majina miaka 700 iliyopita.

6.0 Jina na Asili ya Mwenye Jina

Tahadhari hiyo inapata uzito zaidi katika jina jingine adimu, la mashariki mwa Yorkshire, ambalo halitajwi hapa kwa kuwa wenye nalo ni watu binafsi. Mwaka 2007, King, Jobling na wenzao waliripoti kwamba wanaume 7 kati ya 18 wenye jina hilo walikuwa na kromosomu Y ya kundi A1, ambalo ulinganisho ulionesha limetoka Afrika Magharibi. Nyaraka ziliwaweka wanaume hao katika nasaba mbili, ambazo mababu zake waliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vipimo vilionesha kwamba nasaba hizo huungana vizazi vichache kabla ya hapo.

Wanaume hao walikuwa Waingereza kwa jina, kwa lugha na kwa kumbukumbu zote za familia. Kromosomu yao haikulifanya jina kuwa la Kiafrika, wala jina halikuifuta safari ya babu yao. Kila kimoja kilihifadhi historia yake: jina lilihifadhi historia ya jamii iliyolitumia, na kromosomu ilihifadhi historia ya mstari mmoja tu wa uzazi kati ya mistari mingi ya kila mtu. Mtafiti anayesoma kimoja kana kwamba ni kingine atapotoka, hata kama kila kipimo chake ni sahihi.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi wa jina Attenborough umeonesha kwamba kila aina ya ushahidi ina swali lake. Etimolojia hueleza jina liliweza kumaanisha nini. Mtawanyiko huchagua maelezo yanayolingana na mahali, na katika jina hili umekipa nguvu kijiji cha kando ya Trent. Kromosomu Y huonesha kwamba wengi wa wanaume wenye jina hili leo wana babu mmoja. Hakuna hata kimoja kinachoeleza ni wanaume wangapi waliotoka kijijini humo wakiitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo, inafaa watafiti wa onomastiki watofautishe babu wa pamoja wa wenye jina waliosalia na mwanzilishi wa jina. Wawili hao wanaweza kuwa mtu mmoja. Wanaweza pia kutenganishwa na vizazi kadhaa, na baina yao wakawamo wanaume wengi walioitwa Attenborough, wakalima, wakalipa kodi, wakazikwa, na wasiache mwana wa kulibeba jina. Kuwapata hao hakuhitaji maabara, bali kurejea kwenye orodha za kodi na rejista za parokia, ambako majina yao yangali yamesajiliwa hata pale ambapo nasaba zao zimekwisha.