Gitaa Lililong'olewa Ngazi

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wanangu. Leo nawasimulia gitaa lililovunjika likaungwa, likaibwa, likarudi nyumbani.

Besi mnaijua: lile gitaa la nyuzi nne nene linalonguruma chini ya wimbo mpaka kifua kinatetemeka. Hili lilitengenezwa Marekani mwaka 1962, aina ya Jazz Bass ya Fender, likapakwa rangi ya jua linapozama. Shingoni lilikuwa na freti, yaani vijiti vya chuma vilivyolazwa kama vipandio vya ngazi. Kila kipandio kina sauti yake, na katikati hapakanyagiki.

Mwenye gitaa, Jaco Pastorius, kijana aliyekulia Florida, alitaka sauti iteleze kama ya udi kwenye taarabu, maana udi hauna freti. Basi vile vijiti viling'olewa na mifereji yake ikazibwa. Lakini nyuzi zake za chuma zilikwaruza kama tupa, zikawa zinautafuna ubao. Jaco akaupaka epoksi, ile ngumu wanayopaka mashua. Shingo ikang'aa kama kioo, na uzi ukiguswa ukaimba "mwaaa", kama mtu anayefumbua kinywa. Isikilizeni albamu yake ya mwaka 1976, aliyoipa jina lake mwenyewe. Besi inasema kabisa!

Katikati ya miaka ya 1980 gitaa likavunjika vipande zaidi ya kumi. Hapo ndipo walipoingia mafundi wawili wa Florida, Kevin Kaufman na Jim Hamilton, na hapo ndipo moyo wangu hutua kila ninapoisimulia hadithi hii.

Fundi wa magitaa ya zamani huombwa mara nyingi alirudishe gitaa kama lilivyotoka kiwandani: rangi ile ile, skrubu zile zile. Kwa besi hii, ukirudisha freti umeikata ulimi. Wala mafundi hawakukimbilia mbao mpya. Waliokota vipande vile vile wakaviunganisha, kisha wakabandika ubao mwembamba sana mbele na nyuma ya kiwiliwili, kama bandeji inayoshika mfupa uliovunjika. Shingo ikabaki bila freti.

Mtaniuliza, kwani sauti haitoki kwenye umeme? Inatoka huko pia. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika hapo juu, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya, ukaenda mpaka kwenye spika. Lakini namna uzi unavyotikisika hutegemea pale unapoegemea: kwenye chuma cha freti, au kwenye ubao uliopakwa epoksi chini ya kidole.

Mwaka 1986 gitaa likaibwa New York. Mwaka uliofuata Jaco akafariki, ana miaka 35, hajaliona tena. Ikapita karibu miaka 20 ndipo likaibuka mjini humo humo, na mwaka 2010 Robert Trujillo, mpiga besi wa bendi ya Metallica, akaisaidia familia ya Jaco kulipata.

Lilirudi na viungo vyake vyote vya gundi. Na shingoni, wanangu, hakuna hata kipandio kimoja.