Ukali Unaofundishwa Getini

Kwenye mageti ya Nairobi kuna kibao cha bati ambacho karibu kila mpita njia amekisoma: "Mbwa Kali." Mwalimu wa Kiswahili angetaka "mbwa mkali", lakini mgeni hasimami kusahihisha sarufi. Anarudi nyuma hatua mbili, anabisha na kusubiri mtu atoke.

Nyuma ya geti mara nyingi kuna mnyama aliyeshinda bandani au kwenye mnyororo, anayefunguliwa usiku ili alinde. Anabweka hadi majirani wanalalamika. Anatafuna ndala, anachimbua bustani, anamrukia kila aingiaye. Mwenyewe husema mbwa ameharibika. Lakini kubweka, kutafuna na kuchimba ndiyo maisha ya mbwa. Aliyezaliwa kunusa na kuzurura akipewa mita mbili za mnyororo, atatafuta la kufanya.

Ukali wa getini nao hujengeka siku baada ya siku. Kijana wa bodaboda analeta mzigo, mbwa anabweka, kijana anaondoka. Mwenye nyumba anajua ameondoka kwa kuwa kazi yake imekwisha. Mbwa hajui hilo. Yeye ameona kwamba alibweka na adui akatimua mbio. Kesho yake ni vivyo hivyo, na keshokutwa pia. Kwa hesabu zake, hajawahi kushindwa hata mara moja.

Tena chini ya kelele hizo mara nyingi mna woga. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani, ndani ya uzio, bila kuzoeshwa watu. Walitolewa kwa zamu, kila kundi na umri wake. Waliokutana na binadamu wangali na wiki chache walimzoea upesi. Waliobaki humo hadi wiki ya 14 walimkimbia kama wanyama wa porini. Kuanzia takriban wiki ya 3 hadi hapo ndipo mbwa hujifunza kipi si cha kuogopwa: watoto, mwavuli, baiskeli, mlio wa pikipiki. Anayefichwa bandani umri huo "ili awe mkali" hukua akitishwa na kila kitu, na mwenye hofu asiyekuwa na pa kukimbilia huuma.

Wengi hukimbilia fimbo: "ajue nani bosi." Imani hiyo ilitiliwa nguvu na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, aliyewatazama mbwa mwitu waliofugwa Basel, Uswisi, wakigombea ukubwa. Mmarekani David Mech aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, Mech aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Akamsihi mchapishaji aache kukitoa kitabu chake mwenyewe, jambo ambalo waandishi wachache wana moyo wa kulifanya.

Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, hofu ikabaki palepale. Mngurumo ni onyo; ukiuzima, siku moja meno yatatangulia. Yapo maonyo ya mapema zaidi: kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, kugeuza uso, weupe wa jicho kujitokeza. Hata mkia unaotikisika haumaanishi furaha kila mara.

Mbwa mpole akibadilika ghafla, aonwe kwanza na daktari wa mifugo. Sikio au jino linalouma humfanya asitake kuguswa. Kama hana chanjo, kichaa cha mbwa kisisahaulike: aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa yule wa getini, msaada unatoka kwa Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula. Mbwa wake walizoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, hata wakadondokwa na mate kwa sauti peke yake. Wenye mbwa hutumia njia hiyohiyo kwa dagaa wakavu. Mbwa anashikwa kwa kamba mbali na geti, mahali anapoisikia pikipiki bila kupandwa na hasira. Pikipiki ikilia, dagaa. Ikinyamaza, dagaa nao wanakoma. Zoezi ni la dakika chache, kila siku, kwa wiki kadhaa. Mlio ukifika naye akamgeukia bwana wake akitazamia dagaa, wanasogea hatua moja mbele. Akibweka, wameharakisha, wanarudi nyuma mita tano na kuanza upya.