Si malaria? Muulize mgonjwa anafuga nini

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Suji, juu kule Upare Kusini. Ana mbuzi wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa, na banda lao limeegemea ukuta wa jiko. Wiki mbili na nusu zilizopita, usiku wa manane, alimzalisha mbuzi aliyekwama. Alifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, kwa mwanga wa tochi ya simu. Leo ana homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma kama aliyebeba magunia kutoka Makanya hadi nyumbani. Anakwenda zahanati, anatobolewa kidole, na baada ya dakika ishirini anaambiwa hana malaria. Anarudi kwake akiwa na jibu lake mwenyewe: "Malaria imejificha." Jioni anamtuma mtoto dukani akanunue dawa mseto.

Mbuzi aliyezaa usiku ule hakutajwa na mtu. Mgonjwa hakuona sababu ya kumtaja, na mhudumu hakuuliza. Huenda ugonjwa wote umetoka kwake.

Mfano huu nimeutunga, lakini jambo lenyewe si la kutunga. Kwa zaidi ya miaka 20 madaktari na watafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania wamekuwa wakiuliza swali moja: mgonjwa mwenye homa asipokuwa na malaria, ana nini? Majibu waliyoyapata yanawahusu moja kwa moja watu wa wilaya ya Same, iliko Suji, na milima yake.

Hospitali kumi na hesabu nzito

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk. Hugh Reyburn na wenzake, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walifuatilia wagonjwa waliolazwa wakiwa na ugonjwa mkali na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Walikuwa 4,474, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Damu ya kila mmoja ilisomwa upya kwa hadubini na wataalamu waliobobea.

Vimelea vya malaria vilionekana kwa wagonjwa 2,062, yaani asilimia 46. Wengine zaidi ya nusu hawakuwa navyo, ingawa walikuwa wakitibiwa malaria.

Hesabu ya vifo ndiyo inayouma. Kati ya waliokuwa na vimelea, walifariki asilimia 6.9. Kati ya wasiokuwa navyo, walifariki asilimia 12.1. Wale walioandikiwa ugonjwa wasiokuwa nao walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wale waliokuwa nao kweli. Malaria ina dawa, na dawa ikimkuta mwenye malaria inaokoa. Ugonjwa mwingine ukivikwa jina la malaria, mgonjwa anameza dawa isiyomhusu huku saa zikienda.

Watafiti waliona pia kwamba kosa hili lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wazima na kwa wakazi wa maeneo yenye malaria kidogo au ya wastani. Ndiko milimani huko.

Moshi, 2007 hadi 2008

Ilibaki kujua magonjwa hayo mengine ni yapi. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, kundi la madaktari wakiwamo Dk. John Crump na Dk. Venance Maro lilifanya kazi katika hospitali mbili za Moshi: KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na Mawenzi. Waliwaandikisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Damu iliwekwa kwenye chupa maalumu na kuachwa siku kadhaa ili bakteria aliyemo, kama yupo, aote na kuonekana. Lakini vijidudu vingine haviotеshwi kirahisi namna hiyo; hujulikana kwa alama zinazoachwa na mwili unapopambana navyo, yaani kingamwili. Mtu anaweza kuwa na kingamwili za ugonjwa alioupata miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo sampuli moja haitoshi. Mgonjwa hutolewa damu siku anayolazwa, kisha huombwa arudi wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshapona, atolewe tena. Kingamwili zikiwa zimepanda mara nne au zaidi kati ya sampuli ya kwanza na ya pili, hapo daktari anaweza kusema kwa uhakika: homa ile ilikuwa hii.

Yaliyopatikana ni haya. Wakati wa kulazwa, madaktari waliwadhania wagonjwa 528 kuwa na malaria, sawa na asilimia 60.7. Malaria ilithibitishwa kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6.

Wagonjwa 85 walikutwa na bakteria ndani ya damu, 14 walikuwa na vimelea vya jamii ya kifua kikuu ndani ya damu, na 25 walikuwa na fangasi ndani ya damu. Hawa ni watu ambao kinga ya mwili mara nyingi imeshuka, ndiyo maana kupima VVU ni sehemu ya kuchunguza homa kali. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Jina lake limetoka kwetu, katika lugha ya Kimakonde, kwa jinsi maumivu yanavyomkunja mgonjwa. Iligunduliwa katika uwanda wa Makonde mwaka 1952.

Kisha kuna kundi jingine, ambalo ndilo sababu ya makala hii. Kwa wagonjwa 118, yaani asilimia 26.2 ya waliochunguzwa kwa vipimo hivyo, homa ilitokana na bakteria wanaotoka kwa wanyama. Zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila wanne! Na katika orodha ya magonjwa ambayo madaktari walikuwa wameyadhania siku ya kulazwa, hakuna hata mgonjwa mmoja aliyeandikiwa ugonjwa wa aina hii.

Magonjwa manne ya zizini

Lililoongoza lilikuwa leptospirosisi, wagonjwa 40. Watanzania wengi walilisikia Julai 2022, ulipozuka mlipuko mkoani Lindi na Serikali ikautangaza kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na mifugo, hutoka na mkojo, na huweza kuishi kwenye maji na udongo wenye unyevu. Humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo.

La pili ni homa ya kupe, wagonjwa 36. Kupe anapomuuma mtu humwachia bakteria, na mara nyingine mahali alipouma hubaki kidonda kidogo chenye kigaga cheusi. Mgonjwa anaweza asikione, hasa kikiwa nyuma ya goti au kinenani.

La tatu ni homa ya Q, wagonjwa 24. Hii ndiyo ya mbuzi wetu wa usiku wa manane. Bakteria wake hujazana kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Vikikauka huwa vumbi, na mtu hulivuta kwa pua. Dalili huanza wiki mbili hadi tatu baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau habari za mbuzi.

La nne ni brusela, wagonjwa 16. Kwa mifugo hujulikana kwa kutupa mimba. Kwa watu huja na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya kiuno na uchovu usioisha. Hupitia kwenye maziwa mabichi na kwa kushika mzoga, kondo au mimba iliyotoka. Wagonjwa wawili waliobaki walikuwa na tifasi, ambayo ni ndugu wa homa ya kupe.

Magonjwa haya yote yana dawa. Lakini dawa hazifanani. Sindano za antibaotiki zinazotumika sana wodini kwa homa kali zinaweza kumsaidia mwenye leptospirosisi, ila haziponyi homa ya Q wala homa ya kupe, ambazo hutibiwa kwa doksisaiklini. Brusela inataka dawa mbili kwa pamoja, kwa muda usiopungua wiki sita. Daktari asiyewaza ugonjwa hawezi kuchagua dawa yake.

Kwa nini Suji isikilize

Utafiti wa Moshi haukufanyika Suji, na namba zake zisichukuliwe kama hesabu ya kijiji. Lakini Suji imo katika mkoa uleule wa Kilimanjaro, na maisha ya mlimani yana mambo yote yaliyotajwa hapo juu. Mifugo inalala karibu na watu. Maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, mabwawa ya jadi ambayo Wapare wameyatunza vizazi na vizazi, na siku ya kuzibua ndiva na mifereji watu huingia matopeni, wengi pekupeku.

Upande wa malaria, mlima una kinga yake. Kimelea kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kwenye nyuzijoto 25 na zaidi huchukua takriban siku kumi. Baridi ikizidi huchelewa mpaka mbu anakufa kabla hakijawa tayari. Tafiti za vijiji vya safu hizi za milima zimeonyesha malaria ikipungua kadiri unavyopanda kutoka tambarare.

Hata hivyo isidharauliwe. Mtu wa Suji hushuka Makanya au Hedaru kwa biashara, hulala huko, na huweza kupanda nayo. Kwa kuwa mwili wake haukuzoea kuumwa na mbu wa malaria, ikimpata inaweza kuwa kali hata akiwa mtu mzima. Historia ya Upare nayo inaonya. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za ukanda wa Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrini katika jaribio kubwa lililohusisha taasisi ya malaria ya Amani. Malaria ilishuka sana. Upuliziaji ulipokoma, ikarudi kidogo kidogo.

Basi kipimo cha malaria ni lazima, na jibu lake liheshimiwe, liwe ndiyo au hapana. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2007, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa nje ambao kipimo kilionyesha hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria vilevile. Kupima na kisha kupuuza jibu ni kupoteza damu ya mgonjwa na fedha zake.

Na watoto je?

Mama asitoke hapa akidhani kila homa ya mtoto ni ya mbuzi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi yasiyohitaji antibaotiki. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, na taifodi asilimia 3.7. Wazazi wanaopewa majibu ya "malaria na taifodi" kila mtoto anapochemka wana haki ya kuuliza yamepatikanaje. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwa taifodi, hakitofautishi vizuri maambukizi ya leo na ya zamani.

Tufanye nini

Homa ikianza, nenda kapime mapema, usinunue dawa kwa kubahatisha. Ukiambiwa huna malaria, usiondoke na jibu hilo peke yake. Mweleze mhudumu, hata asipouliza: nafuga mbuzi, mmoja alizaa au alitupa mimba wiki kadhaa zilizopita, nilizibua mfereji, nimeng'atwa na kupe, tunakunywa maziwa mabichi. Homa ikiendelea siku mbili au tatu, rudi palepale, usianze upya kwingine.

Mgonjwa akipumua kwa shida, akichanganyikiwa au akipoteza fahamu, usisubiri gari la kesho. Katika hospitali zile kumi, dalili hizo mbili, kupumua kwa shida na kupungua kwa fahamu, ndizo zilizotabiri kifo kuliko zote, kwa mwenye malaria na asiye nayo.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yatokote. Unapozalisha mnyama vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, kondo lifukiwe shimoni mbali na mbwa, kisha nawa kwa sabuni. Wajawazito wakae mbali na kazi hiyo, kwa sababu homa ya Q na brusela zinaweza kuharibu mimba. Siku ya ndiva vaa buti, funika vidonda. Ogesha mifugo, chunguza kupe mwilini, hifadhi nafaka panya wasipofika. Maneno haya yanaweza kusemwa kwenye mkutano wa kijiji, au Sabato watu wakitoka ibadani.

Kwa wahudumu wa zahanati zetu, ambao nawaheshimu kwa kubeba mzigo mkubwa kwa vifaa vichache, utafiti wa Moshi unawapa chombo kisichohitaji umeme wala bajeti. Maabara ya kupima homa ya Q haipo kila kata. Lakini swali "Unafuga nini, na kumezaa nini karibuni?" linaweza kuulizwa Suji leo hii, kwa sekunde tano, kabla mgonjwa hajainuka kitini.

Na asipoliuliza mhudumu, mfugaji wetu ajibu bila kuulizwa. Amtaje mbuzi.