Uyoga wa Msimu wa Mvua: Jinsi ya Kujikinga na Ule Wenye Sumu

Mvua ya masika inaponyesha kati ya Machi na Mei, uyoga huchipuka kote katika eneo la Sigowet-Soin: kwenye vichuguu vya mchwa, malishoni, kando ya njia na chini ya mikaratusi iliyopakana na mashamba ya majani chai. Kwa familia nyingi hicho ni kitoweo kitamu kisichogharimu hata shilingi. Hata hivyo, uyoga wenye sumu huota msimu huo huo, na mara nyingi hufanana na ule unaoliwa.

Uyoga unaopendwa zaidi ni ule wa kichuguu. Huota juu ya makao ya mchwa, na shina lake huendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu hadi ndani ya kichuguu. Katikati ya kofia yake huwa na ncha iliyochongoka. Wanaoufahamu huuchimba taratibu ili waone mzizi huo, badala ya kuung'oa tu.

Uyoga wa kuepukwa

Uyoga hatari zaidi duniani uko katika jamii inayoitwa Amanita. Baadhi ya aina za jamii hii huishi pamoja na mizizi ya miti, na zimesambaa kutoka Ulaya hadi mabara mengine, Afrika ikiwemo, pamoja na miche ya miti ya kigeni kama misonobari. Kwa hivyo, uyoga unaoota chini ya miti iliyopandwa huenda haukujulikana kabisa na wazee wa zamani.

Ishara za kuangaliwa ni tatu: vikunjo vyeupe chini ya kofia, pete kama kola kwenye shina, na kifuko kama kikombe kwenye kitako cha shina. Kifuko hicho hufichwa na udongo, na anayekata uyoga kwa kisu juu ya ardhi hawezi kukiona. Uyoga huu ukiwa mchanga hufanana na yai dogo jeupe. Kofia moja tu ya aina kali zaidi inaweza kumuua mtu mzima.

Uyoga mwingine wa kuepukwa huota kwenye nyasi na malisho. Ni mkubwa na mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia, na vikunjo vyake hugeuka rangi ya kijani kibichi unapokomaa. Huu husababisha kutapika na kuhara sana saa chache baada ya kuliwa.

Imani zinazopotosha

Wapo wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au wanyama ni salama. Si kweli. Konokono na wadudu hula uyoga wenye sumu bila kudhurika. Wengine hutia kitunguu au sarafu ndani ya sufuria wakingoja kibadilike rangi. Jaribio hilo halioneshi lolote. Aidha, sumu ya Amanita haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Wala ladha si kipimo, kwani baadhi ya walionusurika wamesema uyoga huo ulikuwa mtamu.

Hatari nyingine huwapata watu waliohamia mahali papya. Mtu aliyetoka kaunti nyingine kufanya kazi katika mashamba ya chai anaweza kuona uyoga unaofanana na wa kwao, kumbe ni aina tofauti. Ujuzi wa mahali pamoja hautoshi mahali pengine.

Dalili na mtego wake

Sumu ya Amanita huchelewa. Kwa kawaida mtu hukaa kati ya saa 6 na 24 bila dalili, kisha huanza kuumwa na tumbo, kutapika na kuhara. Siku inayofuata anaweza kupata nafuu, na jamaa wakadhani amepona. Huo ndio mtego, kwa sababu wakati huo sumu inaendelea kuharibu ini. Siku chache baadaye macho huwa ya manjano, naye anaweza kupoteza fahamu na kufariki. Mnamo Agosti 2023, watu watatu walifariki katika jimbo la Victoria, Australia, baada ya kula chakula cha mchana kilichokuwa na uyoga wa aina hii, ingawa walitibiwa hospitalini.

La kufanya

Anayeshukiwa kula uyoga wenye sumu apelekwe hospitalini mara moja, hata kama amepata nafuu. Hakuna dawa moja inayofuta sumu hii papo hapo, lakini matibabu ya mapema huongeza uwezekano wa kupona. Wote waliokula chakula hicho waende pamoja, hata wasio na dalili, hasa watoto. Wabebe mabaki ya uyoga, yaliyopikwa au mabichi, na kumweleza daktari saa waliyokula. Mgonjwa asilazimishwe kutapika kwa maji ya chumvi, na maziwa yasichukuliwe kuwa dawa.

Kwa usalama, wakazi wanahimizwa kuzingatia haya:

- Kula tu uyoga ambao mtu mwenye ujuzi wa eneo hilo hilo ameutambua ukiwa mzima, pamoja na kitako chake.
- Kuacha uyoga mchanga ambao bado haujafunguka.
- Kutochanganya aina mbalimbali katika kikapu au sufuria moja.
- Kutochuma mahali palipopuliziwa dawa za magugu au wadudu.
- Kuwafundisha watoto kuleta uyoga nyumbani ukaguliwe, wala wasiuonje njiani.

Kukiwa na shaka hata kidogo, uyoga huo utupwe. Kulala na sukuma wiki usiku mmoja si hasara.