Panda Dania Kati ya Mahindi

Ndugu wakulima wa skimu za makazi, mwaujua vyema ule wakati mgumu wa mwaka. Mahindi yamo shambani lakini hayajatoa hata senti moja. Fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha kwa mbegu na mbolea. Karo inadaiwa, na deni la ardhi linangoja. Katika nyanda za juu mahindi hukaa shambani miezi sita au zaidi. Je, kuna mmea uwezao kuleta fedha katika miezi hiyo, kutoka shamba lile lile, bila kuyaondoa mahindi? Uko. Ni dania, ambayo watu wa pwani huiita giligilani.

SOKO LIKO WAPI?

Mimi hukaa mtaa wa Tena, Nairobi, jirani na Umoja na Donholm. Jioni, watu wakishuka kwenye matatu, hupitia kibanda cha mboga kununua nyanya, vitunguu, sukuma wiki na fungu la dania. Dania hutiwa katika mchuzi na nyama, na hukatwa mbichi katika kachumbari. Mpishi hanunui nyingi, ila hununua mara kwa mara, kwa sababu hunyauka upesi. Basi shikeni neno hili: mtaa hautaki gunia zima leo na kesho hakuna, mtaa wataka mafungu machache kila siku.

Tena wanunuzi wana wasiwasi. Wanajua kwamba mboga nyingine hukuzwa kando ya mito ya jiji kwa maji machafu. Mama mboga akiweza kusema dania yake imetoka shamba lenye maji safi, atauza. Hapo mkulima wa skimu ana nafasi nzuri.

KWA NINI VYAPATANA

Mistari ya mahindi ikiachana sentimita 75, nafasi iliyo katikati hukaa wazi kwa wiki nyingi za mwanzo, na wanaofaidi jua na mvua ni magugu. Dania hukatwa majani baada ya wiki tano hadi saba hivi. Mahindi yafungapo kivuli, dania imekwisha toka. Lakini kumbuka kwamba nayo hula mbolea na kunywa maji. Penye mvua haba, mahindi kwanza.

JINSI YA KUPANDA

1. Panda mstari mmoja tu wa dania, katikati kabisa ya mistari miwili ya mahindi. Usimwage mbegu ovyo, utashindwa kupalilia.

2. Kila punje ya dania ni mbegu mbili zilizoshikamana. Zisugue polepole zigawanyike, bila kuzisaga. Ziloweke usiku mmoja.

3. Panda pamoja na mahindi, au mara yachomozapo. Kina kiwe sentimita moja hadi mbili. Dania huweza kuchelewa hata wiki tatu kuchomoza. Usidhani imekufa ukailima.

4. Usipande yote siku moja. Panda sehemu, ngoja wiki moja au mbili, kisha panda nyingine. Mahindi yafikapo magotini, acha.

5. Palilia kwa jembe na mkono. Dawa nyingi za magugu zinazoachilia mahindi huua mimea yenye majani mapana, na dania ni mmojawapo.

6. Vuna asubuhi mapema. Funga mafungu, yaweke kivulini na kuyafunika kwa gunia safi lililoloweshwa.

HATARI MOJA KUBWA

Tangu mwaka 2017, kiwavi jeshi vamizi alipothibitishwa kuingia Kenya, wakulima wengi hupulizia mahindi dawa. Dawa hiyo huangukia dania pia, nayo dania huliwa mbichi. Soma karatasi ya chupa: imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zingoje zote. Ikiwa dawa hairuhusiwi kwa mboga za majani, dania hiyo isiuzwe wala isiliwe nyumbani kwako. Usipoweza kufuata sharti hili, usichanganye mimea hii miwili.

JE, HARUFU YAKE HUFUKUZA WADUDU?

Wengi huuliza hivi. Jibu ni kwamba dania ikitoa maua huvuta nyigu wadogo na nzi wa maua, ambao watoto wao hula vidukari. Kwa hiyo acha mashina machache yachanue. Lakini usitegemee dania kulinda mahindi na funza wa mabua.

Kazi hiyo ina mimea yake. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na KARI na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walianzisha njia iitwayo sukuma-vuta. Ndani ya mahindi hupandwa desmodiamu, na kuzunguka shamba hupandwa nyasi ya nepia au brakiaria. Nondo huvutwa na nyasi akataga mayai huko, na funza wengi hufa humo. Wataalamu walieleza kwamba harufu ya desmodiamu humchukiza nondo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha pia kwamba vinywelea vya majani yake huwanasa wadudu. Mizizi yake huzuia lile gugu linyonyalo mahindi, ambalo Wajaluo huliita kayongo, na majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe.

Desmodiamu hukaa shambani miaka mingi na hutambaa. Usiipande mstari mmoja na dania. Tenga kipande chake.

ANZA KIDOGO

Kabla ya kununua mbegu, nenda ukazungumze na mama mboga wawili au watatu. Waulize wataka mafungu mangapi kwa juma, na bei gani. Kisha panda dania katika mistari kumi tu, na kando yake uache mistari kumi ya mahindi peke yake. Katika daftari andika gharama ya mbegu, nauli na fedha ulizopata. Wakati wa mavuno pima mahindi ya kila upande mbalimbali.

Ikiwa mahindi yamepungua kwa thamani ipitayo faida ya dania, acha. Ikiwa faida ya dania imezidi, ongeza mistari msimu ujao. Mwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba wako daftari hilo. Atakushauri vizuri zaidi kwa hesabu za shamba lako mwenyewe kuliko kwa maneno ya gazeti hili.